Bunda Nililolifungua Laare

Laare,
Jumapili jioni.

Baba yangu mpendwa,

Kabla hujaikunja karatasi hii na kuirudisha kwenye bahasha, pokea salamu zangu. Najua umevaa miwani, umeuona mwandiko, na umeguna. Guna, Baba, lakini soma. Hujambo? Kifua kimetulia? Na goti la Mama je, bado anaficha kwamba linauma, au siku hizi anakubali kukaa chini watu wengine wakamue mbuzi? Ndengu nasikia zimekubali mwaka huu, na nimefurahi sana. Mimi huku ni mzima kwa maana ya kula na kutembea. Kwingine ambako si mzima ndiko ninakotaka kukueleza leo.

Nimeandika kwa Kiswahili kama ulivyotuzoesha tangu tukiwa shule ya bweni, uliposema Kimbeere ni cha kuongea lakini barua iandikwe kwa lugha ya kazi. Kazi ya askari magereza ilikuachia hilo, na kunyoa ndevu kila asubuhi hata kama huendi popote. Ningekupigia simu, lakini ulimwambia kaka Njeru kwamba mtu aliyefika langoni akageuka asikupigie. Nimepiga hata hivyo, unajua. Mama anashika, tunasalimiana, nasikia ukikohoa nyuma yake, kisha mimi nalia na yeye analia mpaka salio linaisha hatujasema lolote la maana.

Basi nataka ujue ni kwa nini binti yako mkubwa alikuja siku ambayo mdogo wake Igoki analetewa mahari, akafika mpaka langoni, halafu hakuingia. Sufuria ya uji ilikuwa imewekwa ikinisubiri niwapakulie wageni. Najua. Nimesikia kwamba wakwe waliniulizia, ukasema niko mgonjwa kitandani, na papo hapo kaka yangu, ambaye mdomo wake haujawahi kufungwa na mtu, akatangaza mbele ya wote kwamba ameniona kwa macho yake nikiwa juu ya pikipiki. Ulionekana mwongo mbele ya watu uliotaka wakuheshimu. Pole sana, Baba. Katika barua ya kwanza niliyoandika, pole hii niliiweka mwisho, nikaona haijakaa vizuri, nikaichana.

Lakini jambo lenyewe lilianzia huku Laare. Unakumbuka ninafanya kazi ya kuchambua na kufunga miraa. Miraa haisubiri mtu. Inachunwa alfajiri, na ikifika bandani lazima tuwe tumeshaketi, vidole tayari, kwa sababu magari yanataka kuondoka nayo kabla haijakauka. Kwa hivyo nilikuwa natoka mapema nyumbani kwa Mama Gacheri, mwenye nyumba wangu, napita njia ya mkato kando ya shamba la Mzee Kaberia. Mzee huyo ana miti ya miraa ya zamani, ile iliyopandwa na babu yake, na wezi wa huku wanaijua vizuri. Ndiyo maana anafuga mbwa mkubwa mweusi, wa kufunguliwa usiku na kufungwa kukipambazuka. Kila apitaye njia ile anajua saa za mbwa. Siku hiyo mzee aliamka na maumivu ya mgongo, akachelewa kumfunga. Ni hivyo tu, hakuna aliyenitega.

Sitakueleza yote maana Mama atakuwa anakusikiliza ukisoma. Mbwa alitoka kwenye ua bila kubweka. Laiti angebweka! Alinishika mguu nyuma, chini ya goti, nikaanguka mtaroni, kisha akanishika mkono niliokuwa nikijikinga nao uso. Kinachonirudia sana si meno. Ni kipande cha mnyororo alichokuwa nacho shingoni, kikigongagonga kwenye mawe wakati ananivuta. Vijana waliokuwa wakichuna miraa ndio waliomfukuza kwa matawi na makelele. Mzee Kaberia mwenyewe alikuja akiwa amejikunja kwa ule mgongo wake, akasimamisha gari la kwanza lililopita, akanipeleka hospitali, akalipa kila kitu, sindano ya kwanza mpaka ya mwisho. Mbwa alichunguzwa, hakuwa na kichaa. Nakueleza haya ili usimchukie huyo mzee, na utaona mbele ni kwa nini.

Wewe nilikuambia kwa simu kwamba nimeumwa kidogo na mbwa. Nilisema kidogo kwa sababu ya presha yako. Ukacheka, ukaniuliza kama na mbwa naye anaendelea vizuri. Hukukosea, Baba, ulicheka kwa kuwa mimi ndiye niliyekupa ya kuchekesha.

Vidonda vilipona upesi. Ila nilipotaka kurudi kazini, mwili ulikataa. Nafika kwenye kona ya kuingilia ile njia, miguu inasimama yenyewe. Nikapitia barabara kubwa, kuna mzunguko mrefu, na huko nako mbwa wa watu wamejaa. Nikaanza kuchukua boda boda, nauli ikala nusu ya mshahara. Mtu akivuta mnyororo wa geti popote, natoka jasho, na mara moja, nisamehe kwa kusema haya kwa mzazi wangu, nilijikojolea sokoni mbele ya wateja wa viazi. Nikawa natembea na mawe mfukoni, mimi mwanamke mzima, sketi inavutika upande mmoja. Mwenye banda alinivumilia, kisha akampa mtu mwingine kiti changu. Sasa nachambua masalio ya mchana kule sokoni, yale majani ambayo magari yameyakataa.

Sasa sikiliza habari ya bunda, maana hapo ndipo nilipojiharibia mwenyewe.

Nikiwa bado na bandeji, Jumamosi moja mchana, Mama Gacheri akiwa ameenda sokoni, walikuja wazee wawili wenye kofia na fimbo. Wakasema wametumwa na Kaberia. Wakaniwekea mezani bunda la miraa lililofungwa kwa jani la mgomba, kubwa, zuri, limefungwa kwa ustadi hata mimi mfungaji nikalitamani. Wakasema, "Hii ni yako. Kaberia anasema ana huzuni." Kisha wakaketi, wakanitazama.

Sasa wewe niambie, Baba, ningejuaje? Kwetu Siakago muguka, hiyo miraa yetu, ni majani tu, yanapimwa na kutiwa kwenye mifuko, mtu ananunua anaenda zake. Hakuna anayekuletea muguka kwa kofia na fimbo. Na Mama alitufundishaje? Mgeni akija na kitu mkononi, iwe sukari, iwe ndizi, usikichukue ukaenda kukificha chumbani. Kifungue mbele yake, mgawie, mle pamoja, asije akaenda kusema kwa watu kwamba nyumba ile ina choyo. Nikaona hawa wamekuja kumwona mgonjwa. Nikalivuta lile bunda. Nilikuwa na mkono mmoja tu mzima, kwa hivyo kamba niliimalizia kwa meno. Nikawagawia, huyu na huyu, nikawawekea na chai ya maziwa. Wakatazamana. Mmoja akavua kofia. Wakatafuna, wakasema nina moyo mkubwa, wakaniombea, wakaondoka wakitabasamu. Mimi nikajisifu kabisa! Nikasema, Mama angekuwepo angeona nilivyokaribisha wageni.

Mama Gacheri aliporudi akaona majani ya mgomba mezani, akatua kikapu.

"Hii nani ameleta?"

"Wazee wa Kaberia."

"Na nani amefungua?"

"Si mimi? Nimewagawia, wameshukuru sana."

Akakaa juu ya gunia la makaa bila kuangalia. "Woi! Wambeti! Wewe mtoto wa Siakago, hiyo ni ncoolo! Hiyo si ya kutafuna tu namna hiyo!"

Ndipo aliponieleza. Ncoolo ni bunda la heshima. Mtu wa huku akitaka kuomba binti wa watu, au akitaka kuomba msamaha kwa kosa, hutuma bunda kama lile. Anayeletewa haligusi. Analiacha pale mezani, anasema yaliyo moyoni mwake yote, hata kwa siku nyingi, na wajumbe wanaenda na kurudi. Akiridhika, analifungua, na likishafunguliwa neno limekwisha, halirudiwi tena na yeyote. Asiporidhika linarudishwa lilivyo, na hakuna anayekasirika. Mimi nilikuwa nimelifungua kabla chai haijapoa, tena kwa meno.

Siku hiyo tulicheka, mimi na Mama Gacheri. Sikuwa na kinyongo na mzee, na nilidhani mguu ukipona mambo yamekwisha. Laiti ningejua kwamba kuna kidonda kingine kinakuja nyuma ya kile. Nimelijutia lile jani la mgomba mara nyingi sana, Baba, kuliko hata kupita ile njia.

Nilipopoteza kiti changu bandani nikaenda kwa wazee, pale kwenye uwanja wa chifu, kuomba nilipwe fidia. Nikawaambia sidai tena mguu, nadai hofu. Naomba Kaberia anisaidie nipate matibabu yake na kazi niliyopoteza kwa ajili yake. Weee! Unajua wazee wakianza kutazamana. Mmoja akaniuliza, taratibu tu, hata si kwa ubaya, "Hiyo hofu iko wapi tuione?" Nikavuta sketi nikaonyesha kovu. Akasema, "Hilo limepona vizuri." Mwingine akasema, "Mimi naogopa bibi yangu tangu nimuoe, sasa nani atanilipa?" Uwanja mzima ukaangua kicheko, na mimi, kwa aibu, nikacheka nao. Kisha yule aliyevua kofia nyumbani kwangu akasimama akasema bunda lilifunguliwa, na likagawanywa kwa mkono wa mwenye haki mwenyewe, kwa hivyo hakuna kesi. Nilijaribu kusema sikujua. Akanijibu kwamba mtu anayefunga miraa kila siku hawezi kusema hajui bunda.

Nikaenda nyumbani nikaamua kunyamaza. Nikajiambia, ngoja niende kwetu kwenye shughuli ya Igoki, nikae na watu wangu, nile kunde za Mama, hii kitu itaniisha. Huko hakuna njia ya mkato, hakuna mbwa wa miraa. Nikanunua leso za Igoki, zile za maua mekundu anazopenda. Njia nzima mpaka Siakago nilikuwa na furaha. Nikapanda pikipiki pale sokoni, nikaona miembe yetu, nikasikia akina mama wakiimba kule jikoni. Kusema kweli, mpaka hapo sikuwa hata nimemkumbuka Sajenti.

Baba, Sajenti nilimleta mimi. Wewe ulikataa, ukasema hutaki mbwa asiye na kazi. Nilimtoa sokoni kwenye kikapu, juu ya mtama, mdogo hivi, nikasema atachunga mbuzi. Nilimnywesha maziwa kwa kidole changu. Wewe ndiye uliyempa cheo, na jioni ulikuwa ukimwambia "Sajenti, ripoti!" naye anakuja kukaa mbele yako. Miaka yote, nikirudi likizo, ndiye wa kwanza kunipokea langoni.

Na siku hiyo alinipokea. Alisikia sauti yangu nikimlipa mtu wa pikipiki, akatoka mbio kutoka kwenye ghala, na Njeru alikuwa amemfunga asisumbue wageni, kwa hivyo akaja akiburuta mnyororo. Ule mnyororo uliposikika kwenye changarawe sikuona Sajenti tena. Mkono wangu ulikuwa tayari mfukoni. Nililitupa jiwe kwa nguvu zangu zote, Baba, likampata jichoni. Alilia kama mtoto. Akalala chini pale pale, mkia bado unatikisika. Nilipanda pikipiki nikamwambia yule kijana aondoe, aondoe, aondoe! Nilimsikia Njeru akiniita. Sikugeuka. Leso za Igoki nilirudi nazo mpaka Laare, na ziko kwenye sanduku langu mpaka leo.

Hiyo ndiyo habari yenyewe. Sikukudharau wewe, wala wakwe, wala sikumwonea Igoki wivu kama nasikia shangazi anavyosema. Niliogopa mbwa niliyemlea kwa kidole changu.

Baada ya hapo nilijua kwamba hii si kitu cha kuisha yenyewe. Mwanamke mmoja wa kanisani akanipeleka mjini Meru, kwa mama mmoja mshauri pale Kaaga, karibu na shule. Nilidhani ataniombea. Hakuniombea. Aliniketisha, akaniuliza yote toka mwanzo, na alipoona nimefika kwa Sajenti alinipa kitambaa akaacha kuandika. Akaniambia huu ni ugonjwa na una jina, na watu wanatibiwa. Tumeanza na picha ya mbwa kwenye simu, Baba, usicheke. Kisha sauti ya mbwa. Kisha mtoto wa mbwa nyuma ya wavu, mimi upande huu na chai mkononi. Chai ilimwagika mara ya kwanza. Mara ya pili ilimwagika nusu. Naendelea, lakini nauli na matibabu yanahitaji pesa, na pesa zenyewe zinahitaji kazi ya alfajiri ambayo siwezi kuifikia. Yeye ndiye aliyenielekeza kwa wakili. Wakili akasema sheria inaweza kuitazama hofu kama inavyotazama kidonda cha mwili, daktari akithibitisha, ila nijitayarishe kwamba wale wazee wataletwa kueleza habari ya bunda. Akamwandikia Mzee Kaberia barua ya madai.

Leo, baada ya ibada, Kaberia amekuja mwenyewe. Ndiyo sababu nakuandikia jioni hii hii. Alisimama nje ya mlango, barua ya wakili mkononi, hataki kuingia.

"Wambeti, mimi nimekukosea wapi tena? Nilileta bunda, wewe ukafungua. Wazee waliniambia mpaka kwa meno! Nikasema huyu mtoto ana moyo mzuri. Mimi tangu nizaliwe sijadaiwa kitu baada ya bunda. Watu wananicheka huko sokoni."

"Mzee, sikujua maana yake."

"Hukujua? Na unafunga miraa?"

"Nafunga za kuuza, mzee. Hiyo ya kuomba msamaha, kwetu haipo. Kwetu mgeni akileta kitu unafungua mle naye."

Akamtazama Mama Gacheri, na huyo naye akasema kwa ukali wake wote, "Ni ukweli. Nilikuta majani mezani na chai ya maziwa. Ya maziwa, Kaberia! Nani anaweka chai ya maziwa kwa ncoolo?" Mzee akaketi pale mlangoni. Nikaona mgongo bado unamsumbua.

Sikupanga kumweleza habari zako, lakini zilitoka. Nilimweleza uji, leso, lango, na jiwe. Aliniuliza mara mbili, kama mtu asiyesikia vizuri.

"Mbwa wa baba yako? Uliyemlea?"

"Huyo huyo."

"Na baba yako hakusemeshi?"

"Hanisemeshi."

Akaikunja ile barua ya wakili, akaitia kwenye koti. Akasema, "Lile bunda lilikuwa la mguu. Hili la lango sikuwa nimelijua. Huwezi kusamehe kitu ambacho hakijafika." Akasema gharama za Kaaga na kazi niliyopoteza tutakaa na wakili tuzimalize, hatabishana nami kortini, yeye si mtu wa kubishana na mgonjwa. Kisha akaniambia neno ambalo sikulitegemea. Alisema hilo la lango haliwezi kumalizwa na mimi kwa sababu aliyeaibishwa ni mwenye lango. Anataka kuja kwako, Baba. Yeye na wale wazee wawili, na bunda lingine. Anataka kukuambia kwa mdomo wake kwamba binti yako hakukudharau, ni mbwa wake aliyechelewa kufungwa.

Watakuja Jumamosi ya wiki ijayo, nami nitakuwa nao, kama hutakataa. Ukikataa, mwambie Mama anipigie, nami sitakulaumu. Lakini ukikubali, naomba nikueleze namna, maana wewe pia ni mtu wa Siakago na Mama atakuwa pembeni yako akisema fungua, fungua, wageni wataona tuna choyo. Usifungue. Watakapolitoa bunda, lipokee, liweke mezani, useme lolote ulilo nalo. Mwambie ulivyoaibika. Usimwonee haya kwa sababu ni mzee mwenzako. Na mimi nitakuwa bado nje ya lango. Nimempigia mshauri, amesema nisije nikaingia kwa mbio wala kwa kufumba macho, nitembee kwa miguu yangu mpaka mlangoni, na Sajenti awepo, asifichwe, Njeru amshike kwa mkono wake, bila mnyororo. Kama nitafika mlangoni, basi lifungue wewe mwenyewe na uwagawie. Kama nitashindwa, mrudishie mzee bunda lake lilivyo, wala hatakasirika, na mimi nitajua bado kuna kazi ya kufanya Kaaga. Ila hata nikishindwa, safari hii sitaondoka bila kukusalimia. Nitakusalimia kutoka pale pale barabarani, kwa sauti, hata majirani wasikie.

Nisalimie Mama, mwambie leso za Igoki hazijaliwa na mende. Nisalimie Igoki na mume wake, waambie uji wao wananidai, nitaupakua siku moja. Nisalimie mke wa Njeru na mtoto mchanga ambaye bado sijambeba, na nyanya kitandani, umwinamie sikioni umwambie ni Wambeti maana siku hizi anasikia upande mmoja. Njeru mwenyewe msalimie kidogo tu, bado nimemkasirikia. Hata hivyo ndiye aliyenitumia ujumbe juu ya lile jicho.

Anasema linatoa machozi na huenda halioni. Anasema tena kwamba siku hizi pikipiki ikisimama langoni, Sajenti anaingia chini ya ghala na hatoki mpaka iende. Nimeisoma hiyo mara nyingi, Baba. Naye nimemtia hofu ile ile, na hakuna mzee atakayemletea bunda yeye. Kwa hivyo Jumamosi hiyo nitashukia mbali, kwenye duka, nije kwa miguu. Msalimie jioni ukimwita aripoti, umpapase upande wa jicho zima asishtuke, umwambie sitakuwa na jiwe mfukoni.

Ni mimi binti yako mkubwa,
Wambeti.